Siku Luisa Aliponyamaza

Diaca, Msumbiji, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiandika huku nimeinama kweli, kana kwamba umekaa mbele yangu kwenye kiti chako cha kamba pale barazani. Magoti vipi? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa imesaidia, au imekuunguza ngozi tu? Na wale kuku waliopona kideri wameanza kutaga? Huku tunapumua. Mkweo Damiano hajambo. Tomasi hajambo na kelele zake zote. Luisa ni mzima wa mwili. Mimi malaria imeniacha, ila masikio bado yanavuma kwa sababu ya vidonge.

Festo mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke mahali kwa kumhurumia. Kuna sehemu inatisha. Basi kabla hujaendelea, mwambie Mama kwamba watoto wote wawili wako hapa nyumbani, nawasikia uani wakigombania ndoo.

Mama, ujumbe wako Bi Somoe alinifikishia vile vile ulivyosema. Alitua mzigo wake wa vitenge, akakataa hata maji ya kunywa, akaniambia: "Mama yako kasema hivi: Agnesi aniletee wajukuu wangu kabla sijasikia habari mbaya." Nimekaa na maneno hayo siku nne. Simu ningekupigia, lakini mnara umezimika tena. Bi Somoe anavuka Ruvuma kurudi Mtwara Jumanne, na barua hii ataibeba yeye. Ndani yake kuna jibu langu. Lakini ukilisikia jibu bila kusikia kilichotokea, utaniona mwanao nimepoteza akili.

Unakumbuka mara ya mwisho nilipokuja Masasi uliniuliza nani anawafundisha watoto dini huku. Nilikujibu juu juu kwa sababu niliona aibu. Kigango chetu kilichomwa na wale wapiganaji wa porini wakati ule tulipokimbia sote. Tuliporudi tulikuta kuta nyeusi na majani yamefika kiunoni. Katekista hakurudi. Padre hawezi kufika, barabara haimruhusu. Luisa ana miaka saba, na Misa ameiona mara tatu tu maishani mwake.

Nikajiuliza, sisi tulifundishwa na nani? Hukuwahi kutukalisha chini ukatuhubiria. Ulikuwa ukituweka kwenye ungo wa maharage, tukichambua, na kila jiwe tukilitupa tulitaja mtu tuliyemkosea siku ile. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, na bado tulikuwa tunatubu. Basi nikaanza hivyo hivyo. Tukitwanga muhogo, Baba Yetu tunaisema kwa mchi, neno moja pigo moja, na Tomasi ambaye hawezi kuinua mchi anapiga makofi. Tukienda kisimani nawasimulia habari za yule mwanamke Msamaria. Nikiwapaka mafuta baada ya kuoga namalizia na alama ya msalaba kwenye paji la uso. Na ile sheria yako ya chakula nimeileta huku pia: ukipata kitu cha kula, kipande cha kwanza si chako, mpe aliye karibu nawe, kwa sababu Yesu alimega kabla hajala.

Luisa alishika haraka kuliko nilivyotegemea. Hadithi aliyoipenda kupita zote ni ya Petro na jogoo. Alfajiri jogoo wetu akiwika, yeye kitandani anasema, "Petro, umesikia?"

Damiano hakufurahi. Yeye anafanya kazi ya kuezeka nyumba mjini Mocímboa, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu, na njiani husikia mambo ambayo hayanifikii mimi. Jumamosi moja alimkuta Tomasi juu ya kinu, anaimba Baba Yetu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akamshusha, akaniita ndani.

"Unajua watu wa porini wakimsimamisha mtu wanamuuliza nini?" akaniambia. "Wanamwuliza jina. Wanamwambia asali Kiislamu. Na wewe unamfundisha mtoto wa miaka minne kujitangaza."

"Nimfundishe nini basi? Kwamba hana Mungu?"

"Mfundishe kuishi kwanza."

Tuligombana, Mama, nisikufiche. Kesho yake akamwita Luisa pembeni, na mimi nikasikia kupitia ukuta wa mianzi: "Ukiulizwa na mtu usiyemjua, wewe ni Zaina. Sema." Luisa akasema Zaina. Alipoondoka baba yake, mimi nikamwita mtoto, nikamwambia jina lake alipewa kwa ubatizo, na kusema uongo ni dhambi, hata mbele ya mtu yeyote. Nilisema hivyo kwa hasira ya ugomvi. Mtoto akaniangalia tu. Nilidhani nimeshinda.

Sasa nikujulishe jirani yetu, kwa maana bila yeye nisingekuandikia barua ya namna hii. Anaitwa Bi Mwanaisha. Ni Mmwani wa Mocímboa, mtu wa pwani hasa, nyumba yake ya mjini iliungua, akaja huku bara kulima kipande alichoachiwa na marehemu mumewe. Mwislamu wa sala tano. Watoto wangu wanamwita Bibi. Idi akipika, sahani ya kwanza inakuja kwetu. Noeli nikipika, sahani ya kwanza inakwenda kwake. Alinisikia mimi na Damiano siku ile, kuta zetu hazifichi kitu. Akaja na mkeka wake, akakaa.

"Agnesi, nikuulize. Nikiwafundisha hawa watoto salamu zetu na maneno mawili matatu, utakasirika?"

"Bi Mwanaisha, usinielewe vibaya..."

"Sitaki ubadili dini yako. Dini yangu haichukui watu kwa hofu. Nataka siku moja maneno hayo yawapitishe njiani."

Nikakataa. Nilikataa kwa adabu, lakini nilikataa. Aliukunja mkeka wake na kesho yake akaniletea mbaazi kama kawaida.

Wiki tatu zilizopita nilishikwa na malaria. Asubuhi ya Alhamisi nikaenda kituo cha afya, na watoto nikawaacha kwa Bi Mwanaisha. Alikuwa anakwenda kuchimba muhogo shambani kwake, karibu tu, nusu saa kwa miguu. Akawachukua. Haya ninayokuandikia sasa sikuyaona kwa macho yangu. Mengine alinihadithia yeye, mengine Luisa.

Jua lilikuwa halijapanda sana. Bi Mwanaisha ameinama, anang'oa shina, akasikia Tomasi anasema, "Bibi, wageni." Akainua kichwa. Wanaume wanne, wawili na bunduki, wamesimama ndani ya mihogo. Hakuwasikia wakija. Mkubwa wao akamwuliza ni wa wapi. Akajibu kwa Kimwani, mtu wa Mocímboa, fulani binti fulani, akataja na mtaa. Wakamwambia asali. Akasali. Sauti, anasema, haikutetemeka, ila mikono alikuwa ameificha ndani ya kapulana yake, kitenge alichojifunga.

"Na hawa?"

"Wajukuu zangu."

Yule mtu akamsogelea Luisa. "Jina lako nani?"

Luisa akanyamaza.

"Anaitwa Zaina," akasema Bi Mwanaisha. "Haongei na wasiomjua."

"Nimemuuliza yeye." Akamshika kidevu, akamwinua uso. "Jina lako."

Mama, mtoto hakusema kitu. Mkojo ulimshuka miguuni, anasema Bi Mwanaisha, na macho hakuyatoa kwa yule mtu. Mara ya tatu akaulizwa. Kimya. Mwishowe yule mtu akamwachia, akawaambia wenzake, "Bubu huyu," mmoja akacheka.

Ingeishia hapo. Lakini yule aliyecheka, kijana kabisa, alikuwa na biskuti mfukoni. Akampa Tomasi. Na Tomasi wangu, ambaye nyumbani namkumbusha mara kumi mpaka nachoka, siku hiyo hakukumbushwa na mtu. Akaivunja, kipande cha kwanza akamnyooshea yule kijana.

"Chako hiki. Cha kwanza si changu."

Kijana akakipokea bila kufikiri, akakitia mdomoni. Mkubwa wao akageuka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama."

"Na mama yako kafundishwa na nani?"

"Bibi."

Akamtazama Bi Mwanaisha. Na Tomasi akatikisa kichwa, kwa sababu amefundishwa kusema kweli. "Siyo huyu. Bibi wa Masasi."

Bi Mwanaisha anasema hapo ndipo alipoona kaburi lake. Masasi wanaijua ni nchi ya namna gani, makanisa yake yanajulikana. Hakujipa nafasi ya kuogopa. Akacheka, akaweka mkono kiunoni. "Mtoto ana bibi wawili, baba. Mmoja wa mama, mmoja wa baba. Wewe ulikuwa na bibi mmoja tu?"

Yule kijana alikuwa bado anatafuna. Kisha mkubwa akaonyesha gunia la muhogo. "Beba wewe. Twende."

Akamvua ndala, akasema anayekwenda na wao hahitaji viatu vya kukimbilia. Bi Mwanaisha akatwishwa. Kabla hajageuka alimwambia Luisa maneno haya tu: "Mshike mdogo wako. Msitoke chini ya mkorosho huu mpaka mama yenu aje."

Mimi nilitoka kituo cha afya saa sita. Nikakuta mlango wa Bi Mwanaisha umefungwa kwa kamba, nikaenda shambani nikiwa bado nahisi baridi ya homa. Nikaona jembe limelala. Nikaona ndala mbili. Nikaita, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha, nikaacha kuita. Nilizunguka shamba lile, sijui mara ngapi, nikishika kila shina. Ndipo nikamwona Luisa chini ya mkorosho, ameketi wima, Tomasi amelala mapajani pake, na mkono wake umemziba mdomo ndugu yake. Alimziba tangu asubuhi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nilivitoa kimoja kimoja.

Hatukujua Bi Mwanaisha yuko wapi siku tatu nzima. Damiano alipata habari akarudi siku ile ile, amepanda gari la mkaa. Nilimngoja aniambie, "Nilikuambia." Badala yake alichukua randa akaanza kuurekebisha mlango ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Na Luisa hakusema, hakula ila kidogo, na tulipokaa kusali alitoka nje. Siku ya pili nilimfuata uani, nikachuchumaa karibu naye. Alikuwa anawatazama kuku. Akasema bila kunigeukia:

"Baba aliniambia niseme Zaina. Wewe uliniambia nisiseme uongo. Sikujua nimsikilize nani."

Mama, nimezaa mara mbili, nimekimbia mara mbili na watoto mgongoni, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale penye banda la kuku. Akaendelea:

"Petro alisema simjui. Mimi sikusema kitu. Kunyamaza ni sawa na kusema simjui?"

"Hapana, mwanangu."

"Umejuaje?"

Sikujua nimejuaje. Nikamkumbatia, akakubali kukumbatiwa, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama kuni. Jioni yake mimi na baba yake tulimkalisha kati yetu, na Damiano ndiye aliyeanza. Alimwambia, "Mimi na mama yako tulikubebesha mizigo miwili, kila mtu wake, bila kuulizana. Kosa ni letu. Si lako." Sijawahi kumsikia mwanaume huyu akiomba radhi kwa mtoto. Luisa akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala. Hakutuambia kama ametusamehe.

Jumapili mchana Bi Mwanaisha alirudi. Watu walimwona njia ya mtoni anatembea kama mtu anayekanyaga makaa, wakamkimbilia. Wale wanaume walimwachia wenyewe baada ya kuona amechoka hata hawezi kujitwisha. Miguu yake, Mama, sitaki kukuandikia yote. Walipita kwenye majani yaliyochomwa, vile visiki vikali, na miiba. Tulimlaza kwangu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Watoto?" Nikamwonyesha. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimemkatalia, na yeye akaenda na gunia kichwani kwa ajili ya wanangu. Akanikatisha. Alikuwa amemwona Luisa amesimama mlangoni. Sijui nani alimwambia lile swali, labda Damiano. Akamwita, akamwambia:

"Njoo, mama. Siku ile mwenye kusema uongo alikuwa mimi. Nilisema wewe ni mjukuu wangu, nikasema wewe ni Zaina. Wewe hukusema neno. Basi uongo ule ni wangu, nitaujibu mwenyewe mbele ya Mungu, na wala siuogopi. Wewe usiniibie."

Luisa akamwangalia. Kisha akaiangalia miguu. Akatoka, na mimi nikadhani amekimbia tena.

Akarudi na beseni. Alikuwa amechota maji ya moto niliyoyaweka jikoni kwa ajili ya uji, akayachanganya na ya baridi, akatia chumvi kwa kiganja, nyingi mno. Akakaa chini, akauchukua mguu wa kwanza akauweka ndani ya maji. Bi Mwanaisha alipiga kelele kwa ile chumvi, halafu akacheka, na Tomasi akaja kupuliza ili isiunguze. Luisa akaosha. Akatoa miiba kwa sindano yangu ya kushonea, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama anavyofanya akiandika. Mguu mmoja, kisha wa pili, kisha akaifuta kwa gauni lake kwa kuwa hakuona kitambaa.

Mama, wewe unajua Alhamisi Kuu pale kwetu padre anavyopiga magoti akawaosha wazee miguu mbele ya altare. Luisa hajawahi kuiona ibada ile. Hadithi yake sijawahi kumsimulia, nilikuwa sijaifikia. Nilitaka kusema kitu pale, mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Nikaufunga. Nilikwishasema mengi mno kwa mtoto huyu.

Tangu siku hiyo anamwosha kila alasiri. Bi Mwanaisha anasali amekaa, na Luisa ndiye anayempelekea maji ya kutawadha, kisha anasubiri nje amalize. Kwenye sala yetu bado hajarudi. Anakaa mlangoni, mgongo kwetu, anasikiliza. Simlazimishi, na sasa Damiano na mimi tukitaka kumwambia jambo, kwanza tunaambiana sisi wawili.

Sasa jibu lako. Sitawatuma watoto na Bi Somoe Jumanne. Usikasirike kabla sijamaliza. Njia ya kwenda mtoni kwa sasa ni mbaya kuliko hapa tulipo, Bi Somoe mwenyewe amekiri kwamba asingewapitisha watoto wake. Na Bi Mwanaisha hawezi kutembea, hana mtu mwingine, nami siwezi kumwacha akiuguza miguu aliyoiumiza kwa ajili yetu. Damiano amekubaliana nami. Ana chumba mjini nyuma ya mahali pake pa kazi. Miguu hii ikifunga vidonda, tunahama wote watano. Bi Mwanaisha anasema anataka kufia penye harufu ya samaki, si penye harufu ya muhogo. Kutoka mjini nitawaleta watoto kwako mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, hata kwa njia ndefu ya kuzunguka. Najua hujafurahi. Naandika huku naogopa. Gari likipita mbali mkono wangu unasimama.

Nisalimie mama mkubwa, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwambie nyimbo zake tunaziimba huku kwa sauti ndogo. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi yangu wa kisimani asiyepitwa na habari. Habari hizi mpeni nusu tu. Mke wa Festo namwombea ajifungue salama. Damiano anakuamkia, na Bi Mwanaisha amesema niandike hivi: mwenzangu bibi, wajukuu zetu wazima.

Ninakuomba jambo moja. Bi Somoe akirudi huku, mpe barua, lakini si yangu. Mwandikie Luisa. Nimemjibu swali lake kama nilivyoweza, baba yake amemjibu, Bi Mwanaisha amemjibu, na jana alipokuwa anamwaga maji ya beseni aliniuliza, "Na Bibi wa Masasi angesemaje?" Nimemwambia nitakuuliza. Festo aandike kwa herufi kubwa zilizoachana, kwa sababu anasoma taratibu na hataki kusomewa.

Ni mimi mwanao, nikiwa bado nimeinama,

Agnesi